Trei za Mayai za Prodyuza

Dada mtu alikuwa na mazoea yake: akiingia chumba asichokijua, hata salamu hajatoa, hupiga kofi moja na kutega sikio. Kuongoza kwaya tangu usichana kulimfundisha kwamba kuta husema, na nyingine husema uongo.

Alipopiga kofi ndani ya studio ya mdogo wake, kofi lilifia palepale, kama limepigwa ndani ya gunia la pamba.

"Hiki chumba umekiua," akasema.

Mdogo mtu, aliyejibatiza Prodyuza bila kuombwa na yeyote, alicheka kwa majivuno. Alikuwa amebandika trei za mayai tangu sakafuni hadi darini, na juu yake vipande vya godoro la wageni. "Dada, hapa nje lipasuke bomu, husikii kitu."

Ukuta wa pili mashine ya kusaga nafaka ilinguruma. Mngurumo ulipenya chini ya mlango, ukakaa katikati ya chumba kama mgeni aliyekaribishwa.

"Na hiyo?"

"Hiyo unaihisi tu. Kwenye rekodi haitatokea."

"Trei kazi yake mayai yasivunjike, mdogo wangu. Ziba huo mwanya wa mlango, paka anapita!"

"Wewe imba. Ufundi niachie mimi."

Angekuwa na siku nyingine, angeondoka. Lakini Jumatatu daktari angempasua koo, na hakuahidi kwamba sauti itarudi. Alitaka iachwe mahali, wajukuu waje kuisikia. Na katika ukoo mzima mwenye kipaza sauti alikuwa huyu huyu. Akosaye la mama, hata la mbwa huamwa.

Akabandua mwenyewe vipande vya godoro vya ukuta mmoja, Prodyuza akilia kama anachunwa ngozi. Akapiga kofi tena. Safari hii likaishi kidogo. Akasokomeza mtandio wake chini ya mlango, akaimba.

Prodyuza akasikiliza rekodi, uso umekunjamana. "Dada, mbona kifua chako kinanguruma?"

"Kifua changu?"

"Labda ndiyo huo ugonjwa."

Dada mtu alimeza tusi, maana koo lilikuwa la kutunzwa. Akaimba upya, mara hii kwa hasira, sauti ikapenya trei zote na dirisha pekee lisilobandikwa trei. Kufika ubeti wa pili, mngurumo ukakatika. Akatupa jicho nje: mwendesha mashine ya kusaga, mweupe kwa unga hadi kope, ameshikilia swichi aliyoizima, amewanyamazisha wateja wake kwa kidole mdomoni.

Akaimba hadi mwisho.

Prodyuza, aliyekuwa ameligeuzia dirisha mgongo na kuziba masikio kwa hedifoni, akaruka kwa furaha. "Kimya kabisa! Umeona trei zinavyofanya kazi?"

Dada mtu alimtazama toka utosini hadi unyayoni. Sauti iliyobaki ilikuwa kidogo, na si ya kumwagia huyu. Akachomoa mtandio wake mlangoni, akaukung'uta vumbi, akatoka kwenda kumshukuru mwendesha mashine.