Mshono wa Buluu wa Kalisti

Natalia hakuwa mtu wa kuunguza nguo. Miaka tisa kwenye ushirika wa washonaji wa Mpanda, pasi yake ya mkaa haikuwahi kuacha alama hata kwenye ukosi wa shati. Sasa ona mambo: siku mbili kabla ya Mei Mosi ya mwaka sabini na tano, kaa moja likaruka, likatua katikati ya kitambaa chekundu cha bendera ya wafanyakazi. Likaacha tundu kubwa kama kisahani! Na kitambaa kingine chekundu, Mpanda nzima, hakikuwepo. Maduka yalikuwa matupu, hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha.

Kilikuwepo kimoja tu, ndani ya sanduku lake. Marehemu mumewe, Kalisti, alifanya kazi kiwanda cha nguo Dar es Salaam enzi zile kila kazi ina chama chake cha wafanyakazi. Bendera yao nyekundu ilikuwa na mkono mweusi umeshika rili ya uzi. Vidole vitano, alimwambia, ndizo idara tano: kusokota, kufuma, kutia rangi, kukata, kufunga mizigo. Na kila aliyejiunga alitia mshono mmoja ukingoni, kwa uzi wa rangi aliyoipenda. Wa Kalisti ulikuwa wa buluu, karibu na pembe. Vyama vilipounganishwa kuwa kimoja, kiwandani kwao wakaambiwa bendera za zamani zirudishwe. Yeye akaizungushia tumboni chini ya shati, akapanda treni, akarudi kwao Kakese. Picha hakuwahi kupiga. Alipokufa, mshono ule ndio uliobaki wa mkono wake.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mwenyekiti Melkior alishawatoa watu ushirika kwa makosa madogo kuliko lile, na Natalia ana watoto wanne. Akaigeuza bendera ya Kalisti, akashona maneno mapya upande wa nyuma, ule mkono akaufunika kwa kipande cha kitambaa cha marekani. Akaikagua mezani, akaipiga pasi, akaikagua tena. Safi kabisa. Na fundi gani hukagua kitambaa kwa kukielekeza juani?

Asubuhi ya Mei Mosi maandamano yakakata kona kuelekea jukwaani, jua likawa nyuma ya bendera. Natalia akainua macho. Mkono ule unaonekana wazi katikati ya maneno, vidole vyote vitano! Mgeni aliyetoka mkoani, Sumbawanga, akasimama, akaukazia macho.

Kisha akapiga makofi. Akasema hajawahi kuona ufundi wa namna ile, mkono wa mfanyakazi unaojitokeza juani, na bendera ataondoka nayo, itundikwe ofisini. Watu wakashangilia. Melkior, kifua mbele, akaanza kuikunja.

Hapo Natalia angeweza kunyamaza, na salama yake ingekuwa kamili. Akasogea hadi mbele ya mgeni.

“Hiyo ni ya marehemu mume wangu, ndugu mgeni. Ya ushirika niliiunguza. Ichukue, lakini naomba mshono mmoja.”

Melkior akamkata jicho. Mgeni akauliza mshono gani, akaonyeshwa, akaitikia kwa kichwa. Natalia akapiga magoti vumbini mbele ya uwanja mzima, akaufumua uzi wa buluu kwa ncha ya sindano, polepole, asije akaukata.

Kesho yake alitolewa ushirika, kama alivyoogopa. Akarudi Kakese kushona kwa mkono, na uzi ule, mfupi kama kidole, akawa ameushonea ndani ya ukosi wa gauni lake.