Nukta yangu kwenye karatasi ya msimamizi

Leo nimefukuzwa kazi na nukta.

Huku Mafia nafua nazi, yaani nazitoa makumbi. Wiki nzima msimamizi wetu alikuwa akihesabu nazi za kila mtu. Leo asubuhi kabandika karatasi ukutani, nukta tupu. Kila mfuaji ana yake. Ukiwa na umri mkubwa unakaa kulia. Ukifua nyingi unakaa juu.

Nukta zinateremka kwenda kulia. Miaka ikipanda, nazi zinashuka.

"Wa hamsini kwenda juu, leo mwisho," akasema.

Mimi niko kulia kabisa, chini. Miaka hamsini na mbili.

Jamani, sina hamsini na mbili. Nina arobaini na moja! Siku ya kuandikishwa nilijiongezea, ili vijana wa hapa waniamkie. Na kweli wakaniamkia.

Nikasema mbele ya wote, "Bosi, nilidanganya. Mimi si mzee."

"Shikamoo zetu turudishie, babu!" mmoja akapiga kelele. Kicheko.

Msimamizi akaifuta nukta yangu, akaichora upya kwenye arobaini na moja. Wa rika hilo wote wako juu. Mimi peke yangu chini.

Akaitazama.

"Kule umri ulikutetea. Hapa ni uvivu tu. Nenda."

Si uvivu, ni bega, limekwisha. Lakini ile karatasi haina mahali pa bega.

Nyumbani Singida sijawaambia bado. Na nikiwaambia, niseme nimefukuzwa kwa uzee au kwa uvivu? Nyinyi mngesema lipi?