Watu Watatu wa Constantin

Ndugu yangu Constantin alikuwa hodari wa kugeuza matofali juani. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Albert wakimkumbuka huanza na wazimu wake. Wazimu ulikuwapo, sikatai. Ulimjia mwaka 1949, akiwa na miaka ishirini na sita: akawa anasikia sauti ya mtu asiyeonekana, ikimsema na kumwamuru. Kazi yake ya karakana ikamponyoka. Na mji wetu wa Élisabethville wakati ule haukuwa na huruma kwa mtu mweusi asiye na kazi. Kibali chake cha kukaa mjini kikiisha, angepandishwa treni na kurudishwa kwao. Kwetu ni Luputa, Kasai, na mjomba alikwisha kutuandikia kwamba mwendawazimu akirudi atafungwa kamba.

Waliomwokoa walikuwa watu watatu ambao, katika mji ule, hawakuwa na sababu yoyote ya kukaa benchi moja. Adalbert, msaidizi wa daktari katika hospitali ya weusi, alimwendea sista mmoja wa misheni, Mamere Agnès. Mamere akamwendea Mzungu mwenye tanuri la matofali kando ya mji, akamsumbua majuma matatu, mpaka bwana yule akachoka na kumwachia kapita wake, msimamizi wa kazi, aamue. Kapita huyo, Mukuka, alikuwa Mubemba mwenye ulimi mkali. Alimkagua ndugu yangu kutoka utosini hadi vidoleni.

"Muntu mwenye kubeba tofali bila kutupia mwenzake, kwangu ni mutumishi," alisema. "Bengine hapa beko na akili yote, na banatupia benzabo."

Wakagawana mzigo. Adalbert alimpima kila Jumamosi, Mamere alishughulikia karatasi, Mukuka alimweka kwenye matofali mabichi, mbali na moto, na akapiga marufuku neno wazimu uwanjani. Adalbert ndiye aliyemfundisha kanuni ambayo hadi leo naiona kubwa kuliko sindano zote za hospitali.

"Sauti ikikuambia neno, usibishane nayo. Uliza bantu batatu benye kukupenda. Kama bote batatu banasema ni bongo, basi ni bongo."

Bongo, kwa Kiswahili chetu, ni uongo.

Kanuni ilishika. Sauti ilipomwambia chakula kina sumu, aliuliza watatu, akala. Ilipomwambia kapita anataka kumuuza, alikwenda kumwuliza kapita mwenyewe! Mukuka alicheka mpaka akakaa chini. "Nani atakununua weye?" Constantin naye akacheka. Mwaka mzima na nusu alikwenda kazini kila asubuhi, na Jumapili alikwenda misa amenyoosha shati kama bwana harusi. Nilikuwa namtazama, namshukuru Mungu.

Machi 1952 barua ikaja: mama amefariki. Yalibaki majuma mawili kibali kitiwe muhuri upya, na daktari Mzungu lazima amwone kwanza. Nilipeleka barua kwa Adalbert, na mimi ndiye niliyesema tumfiche msiba. Sitaki mtu mwingine anibebee lawama hiyo. Kwetu mgonjwa haambiwi msiba. Hata mzima aliyetoka safari hupewa maji, akala, akapumzika, ndipo akalizwa. Adalbert alikuna kichwa, akakubali. Mamere na Mukuka nao wakakubali. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi, kwa werevu wetu, tulimficha mgonjwa kilio chenyewe.

Siku ya nne alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni na vumbi lake, akaniita yaya, kama tunavyomwita kwetu dada au kaka mkubwa. Labda aliyaona macho yangu siku zile, sijui.

"Yaya Ngalula, sauti inasema mama alikufa."

"Uliuliza bantu?"

"Kapita anasema ni bongo. Adalbert anasema ni bongo. Umebakia weye."

Niligeuka nikapakua chakula. "Ni bongo, ndugu yangu. Mama iko muzima. Kuja kula."

Akashusha pumzi. Akala sahani mbili. Kisha akaniambia, "Ile sauti ni mubaya sana, yaya. Inaua mama ya muntu."

Kibali kikapigwa muhuri. Tukasema tutamwambia Jumapili, kisha Jumapili nyingine. Kila Jumapili tulipata sababu. Juni akaja kijana wa kwetu, Jeannot, ametoka Luputa moja kwa moja, akaajiriwa pale pale tanurini. Mtoto wa watu, mwenye adabu zake, alimshika Constantin mikono yote miwili mbele ya wenzake.

"Pole ya mama, yaya."

Constantin alimwuliza ni lini. Akaweka chini tofali alilolishika, akaja nyumbani mchana ule ule. Hakupiga kelele. Nilimweleza yote, nikilia.

"Basi," alisema, "ni sauti peke yake ilinipenda."

Tangu siku hiyo hakumwuliza mtu tena. Adalbert alikuja, Mamere alikuja, akawatazama kama ukuta. Agosti sauti ikamwambia kuna mtu anaungua ndani ya tanuri. Akamwaga maji, ndoo baada ya ndoo, na matofali ya mwezi mzima yakapasuka. Mukuka, na ulimi wake wote, alisimama mbele ya Mzungu kofia mkononi akimwombea. Wapi! Kibali kilifutwa.

Nilimsindikiza stesheni. Alivaa shati lake la misa, na uso ulikuwa umekunjuka.

"Sauti inasema mama ananingojea Luputa," alisema.

Nilimshika mabega. "Constantin, nisikilize. Leo nasema kweli. Mama alikufa. Usimutafute."

Alinitazama kwa upole, bila hasira hata kidogo.

"Ile siku pia ulisema sauti ni ya bongo, yaya."

Akapanda. Treni ilipoanza kutembea alinipungia mkono dirishani, na furaha yote ya mtu anayekwenda kumwona mama yake.