Mkono wa Kushoto wa Chabani

Chabani, fundi wa baiskeli wa mtaa wa Buyenzi, ana miaka hamsini na tatu, na ukitaka ugomvi naye mwambie ni mzee. Mwite mwongo, atacheka. Mwambie chai yake ni maji matupu, atakuongezea sukari. Lakini mguse kwenye umri, hapo utamjua. Ndiyo maana jambo la Jumapili ile lilimchoma sana, na nitalisimulia lote, maana wenyewe Buyenzi wanalisimulia nusu nusu, kila mtu akiruka pale panapomhusu.

Wako wanaume tisa. Kila Jumapili baada ya sala ya alfajiri hukutana Kamenge na baiskeli zao za mbio, zile zilizotoka Ulaya zikiwa zimechoka tayari, wao wakazifufua. Mzunguko ni mmoja: wanatoka Kamenge, wanapanda kilima kuelekea Gasenyi, wanazunguka huko juu, wanateremka kurudi pale pale. Kilomita kumi, mara tatu, mbio. Wote tisa ni wachukuzi wa zamani. Ujanani waliteremsha ndizi kutoka mlima wa Bugarama, mikungu sita nyuma ya baiskeli, na wakati wa kupanda kurudi walishika nyuma ya malori, kwa sababu mlima ule hakuna aliyeupanda kwa kukanyaga pedali akafika na akili zake.

Anayeshika saa ni Mama Ghanima. Ana duka la vipuri. Ukoo wao wa Waarabu umewauzia watu wa Buyenzi spoku na tairi tangu enzi za babu yake. Ndiye aliyewanunulia jezi, kwa hiyo ndiye anayetunga sheria. Siku ya kuzigawa aliwaapisha mmoja mmoja: huu ni mchezo, si ndizi, lori haliguswi. Huketi kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara, simu mkononi, daftari mapajani. Mzunguko wako wa mwisho ukizidi dakika ishirini na sita Jumapili tatu mfululizo, unahamia kundi la pili. Kundi la pili ni la wastaafu. Hao huenda taratibu hadi Gasenyi, wakanywa chai, wakaulizana habari za presha, wakarudi.

Chabani alikuwa ameshazidisha Jumapili mbili.

"Chabani, mi nakupenda kama ndugu yangu," Mama Ghanima akamwambia asubuhi ile. "Lakini leo ukipita ishirini na sita, utaenda kunywa chai na wazee wenzako."

"Wenzangu nani? Mi si muzee, Mama Ghanima. Ni upepo tu."

"Upepo gani huo unaopiga we peke yako?"

Wanaume wakaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni Rachid, shemeji yake, kaka wa mkewe Khadidja. Na huyu Rachid ndiye aliyekuwa akimnyima Chabani usingizi. Kamzidi miaka mitano, tumbo linatangulia kufika, lakini kila Jumapili anamaliza kwa dakika ishirini na mbili! Wanafika chini ya kilima pamoja, Rachid akihema kama mvukuto. Kisha barabara inakata kona, na Chabani akiimaliza kona ile, wenzake wameshakuwa huko juu kabisa. Wote.

Miezi mitatu alihangaika. Alikunywa asali. Alisugua magoti kwa mafuta ya mawese mpaka mashuka yakawa mekundu.

"Khadidja, mi nimekwisha," alimwambia mkewe.

"Umekwisha wapi? Jana umemaliza sahani mbili," Khadidja akajibu, akaendelea kufua mashuka.

Kushika lori hakulifikiria hata siku moja. Miaka kumi na miwili nyuma lori lilimburuta Bugarama likamvunja mfupa wa bega, na siku aliyofunguliwa bandeji Khadidja alimwekea msahafu mbele: ama aape, ama arudishwe kwa mama yake. Akaapa. Tangu hapo hakugusa hata gari lililoegeshwa. Kiapo cha Mama Ghanima kwake kilikuwa nyongeza tu.

Basi, mizunguko miwili ikapita. Wa tatu ndio wa kufa na kupona. Alifika chini ya kilima na wenzake, na kama kawaida walipoingia kona wakampotea. Malori ya matofali yalikuwa yakipanda moja baada ya jingine, yakinguruma, yakitapika moshi. Jasho lilimwingia machoni. Magoti yalimlilia. Alifumba macho nusu, akainamisha kichwa, akaanza kuomba. Ya Rabi, usinipeleke kwenye chai. Nichukulie chochote, lakini kwenye chai usinipeleke.

Na hapo, subhanallah, baiskeli ikawa nyepesi! Magoti yakanyamaza. Kilima kikawa kinashuka chini yake chenyewe, na kifua kikafunguka. Chabani akajua dua imepokelewa, au asali imefanya kazi, au vyote viwili. Machozi yakamtoka. Hamsini na tatu, na nguvu zinarudi! Akainua kichwa amshukuru Mola, na mbele ya pua yake akaona bamba la nyuma la lori la matofali, na kwenye bamba, mkono. Mkono wa kushoto. Akautazama kwa muda kuona ni wa nani.

"La ilaha!" akapiga kelele, akauachia kama kaa la moto. Alikuwa amebakiza hatua hamsini kufika juu.

Alishuka kilima kile haoni barabara. Mawazo yote yalikuwa kwa Khadidja, kwenye msahafu, na kwenye siku tatu za kufunga za kafara. Pale Kamenge wenzake walikuwa wameshafika. Mama Ghanima alisimama na simu juu.

"Ishirini na mbili na nusu! Chabani! We umekunywa nini?"

Wakamvamia, wakampiga mgongoni, Rachid akamkumbatia. Mtu mwingine angenyamaza. Nani alimwona? Lakini Chabani si mtu mwingine. Alijiondoa mikononi mwa shemeji yake.

"Nimeshika kamyo," alisema. "Wallahi sikukusudia, ni huu mukono wenyewe. Lakini nimeshika. Nifuteni."

Akangoja kicheko. Watu wa Buyenzi, wakipewa jambo kama hilo, hucheka mpaka Idi. Lakini hakuna aliyecheka. Mmoja akaanza kukagua cheni yake. Mwingine akatazama mawingu, na mawingu hayakuwapo.

Mama Ghanima si mtu wa kulala. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mbona hamucheki?"

Wa cheni akaikagua upya.

"Nionyesheni mikono. Ya kushoto."

Hapo ndipo pale panaporukwa. Wanaume wale walikuwa wametawadha alfajiri, mikono ikawa safi. Na sasa viganja vinane vikafunguka polepole, vyote vyekundu kwa vumbi la matofali. Nikisema vinane, nakihesabu cha Chabani. Cha tisa kilikuwa cha Rachid, kimejificha mfuko wa nyuma wa jezi, na kilipotolewa kilikuwa chekundu kuliko vyote.

"Tangu lini, Rachid?" aliuliza Mama Ghanima.

"Tangu..." Rachid akakifuta kiganja kwenye paja. "Tangu jezi zilipofika."

Chabani alihisi hasira inampanda kutoka kwenye magoti. Miezi mitatu! Asali, mawese, mashuka! "Shemeji!" alipiga kelele. "Na mi nilikuwa nimeanza kuandika wasia!"

"Nyamazeni," alisema Mama Ghanima. "Munawe wote. Muende tena mara moja. Atakayerudi na mukono mwekundu ataniachia jezi hapa hapa, aende nyumbani kifua wazi."

Wakanawa, wakaenda. Chini ya kilima walikuwa pamoja. Walipoingia kona Chabani alisikia pumzi za Rachid ubavuni, kisha nyuma, kisha hakuzisikia. Malori yalipita, naye akaubana mkono wa kushoto kwenye usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Magoti yalilia vile vile. Hakuomba kitu safari hii, aliinamisha kichwa akahesabu pedali tu, asijue nani yuko mbele wala nyuma.

Alifika Kamenge akakuta Mama Ghanima peke yake kwenye kiti.

"Wengine wameshaenda nyumbani?"

"Hawajafika."

Chabani akageuka. Barabarani alikuwapo mwanamke mmoja na beseni la nyanya, basi.

"Mi nimepata ngapi?"

"Ishirini na sita, na sekunde hamsini na moja."

Akaegemeza baiskeli, akaanza kufungua zipu ya jezi. "Basi. Nimetoka kwenye kundi."

Mama Ghanima aliitazama barabara. Kisha akafunga daftari.

"Kundi gani, Chabani? We unaliona wapi?"