Mstari Unaoruka kwenye Kompyuta ya Wanjiru

Namshukuru Mungu, anayetusikiliza hata tunapoomba kwa kukosea.

Mjukuu wangu Wanjiru, anayeniita Guka, yaani babu, anasomea hesabu chuoni hapa Njoro, na anakaa kwangu. Juzi niliona kwenye kompyuta yake mstari unaopanda polepole, kisha unaruka ghafla na kuanguka, tena na tena. Akaniambia kwa uchovu kwamba ni homoni. Sikuuliza za nani. Mama yake aliugua tukamzika angali kijana, kwa hiyo niliingiwa na hofu.

Jumapili nikamwita mbele ya kanisa. Wazee tukamwekea mikono, nami nikamsihi Mungu kwa machozi aunyooshe ule mstari.

"Guka, mstari gani?"

"Wa homoni zako, mjukuu wangu."

"Zangu? Guka, hizo ni za ng'ombe! Natafuta hesabu ya kueleza vile mwili unajiandaa polepole, halafu homoni inatoka kwa ghafla. Ikiruka hivyo, ng'ombe ni mzima. Ikinyooka, hapati ndama."

Kisha mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Mzee, hayo maombi yarudishe haraka! Sisi wengine tunafuga!"

Wewe unayesoma, Mungu akujalie watu wa kukuombea, hata wakikosea ugonjwa.