Nilimjibia Mpwa Wangu Kabla ya Upasuaji

Nimekosa. Msinitafutie sababu, nimezitafuta mwenyewe mpaka nimechoka. Hata kulia siwezi, nipo nipo tu.

Mimi ni mkulima wa korosho huku Mkunya. Dada yangu alipofariki aliniachia binti mmoja, mwenye jina la marehemu mama yetu, ndiyo maana namwita Mama. Kwetu mjomba ndiye msemaji. Anapokea posa, anajibu maswali ya wakubwa. Nilikipenda cheo hicho jamani!

Mama alianza kuvimba uso na miguu. Tukaambiwa figo zimeshindwa kazi, ahudhurie kliniki. Nikamwambia tufunge midomo mpaka ndoa ipite, maana mchumba kashapatikana, kijana wa Chilangala. Nani anaoa mgonjwa?

Akiwa Masasi kwenye cherehani yake, tumbo likamshika. Kidole tumbo kimepasuka, wakasema, upasuaji haraka. Nilipofika hospitali nilimkuta mama wa mchumba amekaa kitandani pake, amemshika mkono.

Akaja daktari wa usingizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akamgeukia Mama. "Dada, una ugonjwa wowote? Presha, sukari, figo? Vipimo vya figo havijatoka na tumbo hili halisubiri. Nikikulaza nakupa na dawa ya kulegeza misuli, na iliyo ya kawaida hapa inatolewa mwilini na figo. Kama ni mbovu niambie, nitumie nyingine."

Mama akanitazama. Mkwe naye akanitazama.

"Mzima huyu," nikasema. "Hajawahi kuumwa hata kichwa."

"Dada, ni kweli?"

Akaitikia kwa kichwa. Angefanyaje? Mjomba keshasema!

Upasuaji ulikwenda vizuri, ila Mama hakuamka. Pumzi yake mwenyewe haikurudi, wakamwacha kwenye mashine ya kupumulia. Majibu ya vipimo yakatoka. Daktari akaniambia dawa imeganda mwilini kwa sababu ya figo, tusubiri iishe taratibu. Hakunigombeza. Heri angenigombeza!

Wakaturuhusu kumwona. Macho yamefumba, hatikisi hata kidole. Mkwe akaniuliza palepale kitandani, "Baba, kumbe mlijua?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikamjibu, "Mama mkwe, hata mimi nimeshangaa. Huyu mtoto alituficha sote."

Chozi likamtoka Mama kwenye kona ya jicho, likashuka hadi sikioni. Nikalifuta kwa kiganja. Nikasema ni dawa hizo.

Dawa ilipoisha nguvu, akaanza kupumua mwenyewe, wakamtoa mpira kooni. Sauti ilikuwa imekauka. Aliniambia maneno machache.

"Mjomba, nilikuwa macho. Nilikusikia."

Usingizi ulishamtoka, misuli ndiyo ilikuwa bado imelegezwa na ile dawa. Alisikia kila kitu na hakuweza kufungua hata jicho anikanushe.

Alipopata nafuu akamwita mkwe akamweleza ukweli wote, peke yake. Yule mama akamsikiliza, akamwambia ndoa ipo. Nao wana mgonjwa wa kisukari kwao, wanajua kuuguza. Ndoa ikafungwa. Msemaji alikuwa mjomba mdogo kutoka Newala. Mimi nilikaa na wageni, nikala pilau, sikuisikia ladha yake.

Wajomba wenzangu, wazazi, nawaomba. Mgonjwa akiulizwa na daktari, nyamazeni, ajibu yeye. Na kama hawezi kusema, semeni ugonjwa wote, hata kama wakwe wamekaa hapohapo. Aibu yenu haitalala kwenye kile kitanda, atalala yeye.

Mama yu hai, anaendelea na kliniki, akienda na mumewe. Juzi tulikutana sokoni Masasi. Akapiga goti kidogo kwa adabu zake zilezile, akaniamkia kama alivyoniamkia yule daktari siku ile.

"Shikamoo, mzee."

Nikaitikia marahaba. Akaendelea na safari yake.