Dawa ya Damu Niliyomnyima Elia

Wazazi wenzangu, nimeombwa nieleze jinsi mwanangu Elia alivyopona. Siwezi kulieleza hilo kabla ya kueleza nilichomfanyia, kwa hiyo nitakwenda kwa utaratibu.

Ilikuwa miaka ile maduka ya dawa ya watu binafsi yalipoanza kufunguliwa karibu kila kona ya Chang'ombe, hapa Dodoma, tulikokuwa tukiishi. Nilikuwa nikiandika tasnifu ya uzamili kuhusu chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na vijidudu mwilini. Elia alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alishinda akinywa maziwa ya ng'ombe na chai, akiusukuma mbali ugali na mboga. Nilimwona mnono, nikaridhika.

Kisha sikio likatoa usaha. Lilipopona, kikaja kikohozi. Baada ya kikohozi, vidonda mdomoni, halafu majipu kichwani. Kila mara nilinunua dawa dukani kwa akili yangu mwenyewe. Akaanza kulamba ukuta wa udongo. Akivuka kizingiti tu, alihema.

Mama mkwe alipofika kutoka Chemba, sijamaliza hata shikamoo, tayari alikuwa ameshika kiganja cha mtoto.

"Mama Elia, huyu damu yake imekwenda wapi?"

"Ni mweupe tu, mama. Amefuata babu yake."

"Babu yake nimelala naye miaka arobaini. Weupe wake si huu. Twende hospitali."

Daktari alimpima damu, akatafuta na malaria, asiione. "Amepungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma," alisema. "Ndiyo maana haishi kuugua. Chembe zake nyeupe zinamkamata mwizi, lakini hazina nguvu ya kummaliza." Akaandika dawa ya maji yenye madini hayo.

Aliyoyasema niliyajua. Kwa bahati mbaya nilijua na jambo la pili: vijidudu navyo huhitaji chuma ili viongezeke. Niliketi na chupa mkononi nikijiuliza, nikimpa, nani atashiba kwanza, mwanangu au vijidudu? Nilisoma, nikasoma tena, na kila ukurasa ulizaa swali jipya. Mwishowe niliifungia chupa kwenye sanduku la nguo. Nyumbani nikasema anakunywa.

Wiki ya nne kifua kilimbana. Mbavu zilididimia kila alipovuta pumzi, midomo ikawa na rangi ya majivu, na moyo wake niliuona ukirukaruka chini ya ngozi. Wodini daktari aliyasoma majibu mapya ya damu.

"Amekunywa dawa karibu mwezi mzima, na damu imezidi kushuka. Basi tatizo si chuma. Nahofia uboho, kule ndani ya mifupa damu inakotengenezwa. Itabidi tumchome sindano hadi ndani ya mfupa, kisha pengine tumpeleke Dar es Salaam."

Niliinama nikaanza kunyoosha shuka la Elia. Mama mkwe akanivuta hadi dirishani.

"Mtoto anayekunywa dawa ya damu choo chake huwa cheusi. Nepi za Elia nazifua mimi, na ni za njano. Utasema wewe, au niseme mimi? Mimi nikisema, nitasema vibaya."

Nilirudi kitandani. "Daktari, dawa hajanywa hata kijiko kimoja." Nikamweleza sababu.

"Kumbe nina daktari mwenzangu humu!" alisema, bila kutabasamu. Kisha akashusha sauti. "Hofu yako si ya kijinga, mama. Ndiyo maana nilitafuta malaria kwanza, na ndiyo maana leo tutatibu kifua kabla ya chuma. Lakini swali hilo ulipaswa kuniletea mimi. Ulilijibu peke yako, na mtoto akabaki bila damu wala kinga."

Sindano ya mfupa iliahirishwa. Elia aliongezewa damu ya baba yake, baada ya kupimwa, akapewa dawa ya mapafu. Siku mbili nilihesabu pumzi zake, nikipoteza hesabu na kuanza upya. Siku ya tatu alimpiga muuguzi teke.

"Haya, mjukuu wangu amerudi," alisema mama mkwe, akaketi sakafuni akalia.

Kifua kilipotulia alianza dawa ya chuma, akainywa kwa miezi kadhaa. Tulipunguza maziwa, chai tukaiacha kabisa, tukampa maini, maharage, mboga za majani na machungwa. Masikio yalikauka.

Namshukuru Mungu, daktari yule, na mama mkwe ambaye hakuwahi kunisema mbele ya watu. Tazameni viganja vya watoto wenu, hata walio wanono. Dawa ikiwatia hofu, mwulizeni aliyeiandika, siku ileile. Mimi hata sasa huogopa nikikumbuka kimya changu pale wodini. Elia hakuwa na maneno ya kumwambia daktari kwamba hakupewa dawa. Maneno hayo nilikuwa nayo mimi, na nilikuwa nimeyafumbia mdomo.